Hita ya Akiba Inayowaka Ovyo na Mashine Zisizopokezana: Kutatua Matatizo ya Vidhibiti vya Pampu za Joto

Katika majengo ya ghorofa ya Ujerumani yaliyoachana na boila za gesi, mpangilio unaokutwa mara nyingi ni huu: pampu mbili au tatu zinazovuta joto kutoka hewani zimesimama uani, mabomba yake yanaingia chumba cha chini ya jengo hadi kwenye tangi la kati, na karibu na tangi hilo kuna hita ya umeme ya akiba, aghalabu ya kilowati 9. Kidhibiti kimoja huamua ni mashine ngapi zifanye kazi, kwa nguvu kiasi gani, na hita isaidie wakati gani. Mambo yakienda sawa hakuna anayekumbuka kuwa kidhibiti kipo. Yakiharibika, dalili hutokea mbali na chanzo chake: mpangaji wa ghorofa ya nne analalamikia baridi kumbe kasoro iko kwenye waya wa kihisi kule chini, au halalamiki mtu yeyote na kasoro inakuja kuonekana kwenye bili ya umeme baada ya majira ya baridi kwisha.

Mwongozo huu ni wa Mswahili anayetunza jengo la namna hiyo, au anayeishi ndani yake na kuchangia gharama zake. Haugusi gesi ya kupozea iliyomo ndani ya mashine, kwa kuwa hiyo ni kazi ya fundi mwenye cheti, na kisanduku cha umeme wa hita kisifunguliwe na mtu asiye fundi umeme. Yaliyobaki, yaani kusoma kioo cha kidhibiti, kupima joto la mabomba kwa kipimajoto na kuandika kinachoonekana pamoja na saa yake, yanaweza kufanywa na mtu yeyote makini, nayo humpunguzia fundi kazi kubwa ya kubahatisha.

Kwanza ijulikane hita imeitwa na nani

Kosa linalorudiwa sana ni kuzima hita kwenye menyu mara tu inapoonekana imewaka, kisha kusubiri. Usiku wa baridi kali ukija, jengo zima linapoa na chanzo cha tatizo bado hakijulikani. Hita haijiwashi. Kila inapowaka kuna sehemu ya mfumo iliyoiita, na sehemu zinazoweza kuiita ni nyingi: upungufu wa joto katika maji ya kupasha vyumba, tangi la maji ya kuoga, usafishaji wa vijidudu kwa maji ya moto sana, uyeyushaji wa barafu kwenye mashine za nje, kinga dhidi ya mabomba kuganda, hali ya dharura baada ya kompresa (mtambo unaobana gesi ndani ya pampu ya joto) kugoma, amri inayotoka kwenye mtandao wa umeme au kwenye paneli za sola, na mwisho mtu aliyeiwasha kwa mkono akasahau.

Vidhibiti vingi vina ukurasa unaoonyesha saa ambazo kila kompresa na hita vimefanya kazi, na vingi hutenganisha saa za kupasha vyumba na saa za maji ya kuoga. Ziandike namba hizo asubuhi, uziandike tena asubuhi inayofuata. Tofauti kati ya siku hizo mbili inaeleza mengi kuliko saa moja ya kutazama kioo. Uzito wa jambo lenyewe unaonekana kwa hesabu nyepesi: hita ya kilowati 9 ikiwaka siku nzima hula kilowati-saa 216, ilhali pampu inayotoa sehemu tatu za joto kwa sehemu moja ya umeme ingetoa joto lilelile kwa kilowati-saa 72.

Vyumba vina joto zuri lakini bili imepanda

Hii ndiyo dalili inayochelewa kugunduliwa kuliko zote, kwa sababu hakuna anayeumia ila mfuko. Chanzo cha kutazamwa kwanza ni hali ya dharura. Vidhibiti vingi vimepangwa hivi: kompresa ikigoma, hita inashika kazi yake ili wakazi wasipate baridi. Mpango huo ni mzuri, lakini ujumbe wa hitilafu hubaki kwenye kioo kilicho katika chumba ambacho hakiingiwi na mtu kwa wiki kadhaa. Fungua orodha ya hitilafu na usome tarehe. Saa za kompresa fulani zikiwa zimeganda palepale tangu wiki iliyopita huku saa za hita zikipanda, jibu umelipata, na kinachofuata ni kuita fundi wa mashine hiyo. Ni busara pia kumwomba aweke taarifa ya hitilafu itumwe kwenye simu ya mtunza jengo.

Chanzo cha pili ni maji ya kuoga, na hapa inafaa kuelewa kanuni kabla ya kulaumu mashine. Katika mifumo mikubwa ya maji moto nchini Ujerumani, yale yenye tangi linalozidi lita 400 au mabomba marefu yanayobeba zaidi ya lita 3 hadi kwenye bomba la kuchotea, maji hutakiwa kutoka tangini yakiwa na nyuzi joto 60, na yale yanayozunguka kurudi yasishuke chini ya 55, kusudi bakteria wa lejionela wasizaliane. Mashine nyingi za vizazi vilivyopita hufika nyuzi 55 kwa shida, hasa nje kukiwa na baridi, kwa hiyo nyuzi chache za mwisho huongezwa na hita kila siku, mara kadhaa kwa siku. Hiyo si hitilafu ya kidhibiti, ni udhaifu wa usanifu, na kuteremsha kiwango hadi 50 ili kuokoa umeme ni kuchezea afya za watu. Mashine zinazotumia gesi ya propani hufika nyuzi 70 bila msaada. Kwa hizo, hita ikiwaka wakati wa maji ya kuoga kuna mpangilio uliokosewa, kwa kawaida kikomo cha joto la kompresa kilichoachwa chini mno au muda wa kusubiri kabla ya kuita hita uliowekwa mfupi mno.

Chanzo cha tatu husahaulika na wengi: amri ya kutoka nje. Mashine nyingi zinazouzwa Ujerumani zina viunganishi viwili vya waya vinavyofuata utaratibu uitwao SG Ready, wenye hali nne. Viunganishi vyote vikiwa wazi, mashine hufanya kazi kama kawaida. Cha kwanza kikifungwa peke yake, mashine huzuiwa isifanye kazi. Cha pili kikifungwa peke yake, mashine hushauriwa kuhifadhi joto zaidi. Vyote viwili vikifungwa, mashine huamriwa kuwaka, na katika baadhi ya mipangilio amri hiyo huijumuisha hita. Kidhibiti cha sola kikiwa na relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyogandiana, au fundi akiwa amebadilisha waya wa kwanza na wa pili, mfumo unaweza kukaa katika hali isiyokusudiwa miezi mingi. Soma kwenye menyu mfumo uko katika hali ipi usiku, saa ambazo sola haizalishi chochote. Ukikuta ile ya kulazimishwa, ufuatilie waya huo hadi mwisho wake.

Hita inawaka ingawa baridi si kali

Nje ni nyuzi 4 juu ya sifuri, mashine zote ni nzima, lakini hita inawaka mara kadhaa kwa siku. Ili kuielewa dalili hii ni lazima kujua kidhibiti kinavyohesabu upungufu. Vidhibiti vingi, hasa vya asili ya Skandinavia, havitazami joto la papo hapo tu, bali hulimbikiza upungufu kadiri muda unavyopita. Maji ya kwenda vyumbani yakitakiwa kuwa nyuzi 42 nayo yakawa 37, kila dakika inaongeza upungufu wa 5. Baada ya dakika 12 jumla ni 60, na hapo kompresa huitwa. Upungufu ukiendelea kulundikana hadi kiwango kikubwa zaidi, mathalani mia kadhaa, hita nayo huitwa. Kwa kasi hiyohiyo ya nyuzi 5, kila upungufu wa 400 huchukua dakika 80. Hita inayowaka dakika kumi tu baada ya kompresa ina mpangilio mbaya, au kuna kihisi kinachosema uongo.

Kihisi ndicho mshukiwa wa kwanza. Kihisi cha maji ya kwenda vyumbani mara nyingi hufungwa juu ya bomba kwa mkanda, kikapakwa krimu ya kupitisha joto na kufunikwa kwa sponji. Mkanda ukilegea na sponji ikadondoka, kihisi kinapima nusu bomba na nusu hewa ya chumba. Kidhibiti kinasoma 31, nawe ukiweka kipimajoto chako sentimita mbili pembeni unasoma 42. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 11 upungufu hulundikana mara mbili ya mfano wetu wa juu, na hita inawaka kuongeza joto ambalo tayari lipo. Kazi ya kurekebisha ni ya dakika chache: futa bomba hadi chuma kionekane, rudisha krimu, kaza mkanda, funika vizuri.

Iwapo kihisi kimekaa imara na bado kinasoma kinyume, pima ukinzani wake baada ya kukichomoa kwenye ubao. Aina inayoitwa NTC ya kiloomu 10 huwa na ukinzani huo kwenye nyuzi 25, nao hupungua joto likipanda. Kutu kwenye kiunganishi huongeza ukinzani, kwa hiyo kidhibiti huamini kuna baridi kuliko hali halisi na hita huitwa bure. Aina ya PT1000 huenda kinyume: ina omu 1000 kwenye sifuri na takriban 1097 kwenye nyuzi 25, yaani omu 3.85 hivi kwa kila nyuzi. Kiunganishi kibovu kinachoongeza omu 20 hukifanya kidhibiti kisome nyuzi 5 zaidi. Kikiwa kihisi cha nje, kidhibiti kitaamini hali ya hewa ni ya joto, kitateremsha joto la maji, na wakazi watapata baridi bila hitilafu yoyote kuandikwa. Kihisi cha nje kilichofungwa ukutani upande unaopigwa na jua huleta madhara hayohayo mchana, kwa hiyo upande wa kaskazini ndio mahali pake.

Mshukiwa wa pili ni barafu. Mashine za hewa huganda zaidi kati ya sifuri na nyuzi 5 kukiwa na unyevu mwingi hewani, kuliko kwenye baridi kali ambayo ni kavu. Mashine inapoyeyusha barafu hugeuza mzunguko wake na kuchukua joto kutoka kwenye maji ya jengo, hivyo joto la maji hushuka kwa dakika kadhaa. Hilo ni jambo la kawaida. Mashine tatu zikiyeyusha kwa wakati mmoja, au tangi la kati likiwa dogo kupita kiasi, anguko linakuwa kubwa, upungufu unahesabiwa, hita inaitwa. Kidhibiti kizuri cha mashine nyingi hukataza zaidi ya mashine moja kuyeyusha kwa wakati mmoja. Angalia kama kikomo hicho kimewashwa. Nenda pia uani ukatazame: majani yaliyoziba mapezi, au maji ya barafu yasiyopata pa kutiririkia yakagandia chini ya mashine, huzaa uyeyushaji wa mara kwa mara ambao hakuna menyu itakayouponya.

Mkunjo wa joto, yaani uhusiano kati ya joto la nje na joto la maji linalotakiwa, nao unaweza kuwa umepandishwa juu mno na mtu aliyetaka kumridhisha mpangaji mmoja. Maji ya nyuzi 55 yakitakiwa mahali ambapo 42 zingetosha, mashine zinachoka mapema na hita inakamilisha. Chumba cha mpangaji yule huenda kilihitaji kutolewa hewa kwenye radieta tu.

Mashine zinawaka zote, zinazima zote, kisha zinarudia

Hapa pana utajiri wa vyanzo, na kinachowasumbua hata mafundi wazoefu ni mtiririko wa maji wenyewe. Chukua mfano wa mashine tatu za kilowati 12, kila moja ikisukuma mita za ujazo 2 za maji kwa saa na kuyapandisha joto kwa nyuzi 5. Upande wa pili wa tangi la kati, pampu ya jengo inazungusha mita za ujazo 5 kwa saa muda wote. Siku isiyo na baridi sana, kidhibiti kinawasha mashine moja. Maji yanarudi kutoka jengoni yakiwa na nyuzi 35, mashine inayatoa yakiwa 40. Lakini mita 2 za nyuzi 40 haziwezi kujaza mita 5 zinazovutwa na jengo. Mita 3 zilizobaki hutoka kwenye maji yaleyale yaliyorudi, yakiwa na 35. Mchanganyiko unaokwenda vyumbani unakuwa na nyuzi 37.

Sasa tazama mkanganyiko unaozaliwa. Kihisi cha pamoja kilicho baada ya tangi kinaona 37 na kinataka 40. Mashine yenyewe inaona maji yake yametoka na 40, kwa hiyo inajiona imemaliza kazi na kupunguza nguvu. Kidhibiti kikuu kinaita mashine ya pili, kisha ya tatu, kisha hita. Mashine zote tatu zikiwaka, mtiririko wao unafika mita 6, unazidi ule wa jengo, joto linapanda ghafla na zote zinazimwa pamoja. Baada ya dakika chache mchezo unaanza upya. Kila uwashaji wa kompresa unapunguza umri wake, na mtu akisoma orodha ya hitilafu hatakuta chochote, maana kila kifaa kimefanya kile kilichoambiwa.

Dawa iko kwenye mtiririko kwanza, kwenye menyu baadaye. Pampu ya jengo ipunguzwe hadi ikaribiane na jumla ya mashine zinazofanya kazi, na kama ni ya kisasa, iachwe ijirekebishe yenyewe kwa kufuata shinikizo. Kisha ipimwe tofauti ya joto la maji yanayokwenda na yanayorudi upande wa jengo. Nyuzi 5 hadi 8 ni hali njema kwa mifumo mingi, na tofauti ya nyuzi 2 huashiria maji yanazungushwa kupita mahitaji. Baada ya hapo ndipo iangaliwe mipangilio ya kaskedi, yaani ya kuongeza na kupunguza mashine moja baada ya nyingine: muda wa kusubiri kabla ya kuongeza mashine, ambao ukiwa wa dakika tano tu kwa jengo lenye sakafu za zege utawasha mashine ambazo hazikuhitajika, na uwezo wa kidhibiti kuiamuru mashine inayofanya kazi itoe maji ya joto la juu kidogo ili kufidia mchanganyiko ule.

Zingatia pia aina ya kompresa. Mashine za inveta, yaani zile zinazoweza kuongeza na kupunguza kasi ya kompresa, hufanya kazi kwa ufanisi zaidi zikiwa kwenye nguvu ya wastani, kwa hiyo mbili zikienda nusu nusu mara nyingi ni afadhali kuliko moja kwenda kwa nguvu zote. Mashine za zamani za kuwaka na kuzima huongezwa moja moja. Kidhibiti kilichopangwa kwa aina moja kikipewa nyingine kitafanya kazi, lakini vibaya.

Mashine moja inachoka, nyingine zimelala

Saa za kompresa zikisomeka 9,000 kwa mashine ya kwanza na 700 kwa ya tatu, kupokezana hakupo. Mpangilio wa kupokezana kwa kufuata saa za kazi huenda haujawashwa, au mashine ya tatu iliwekwa kwenye hali ya mkono na fundi aliyekuja kuihudumia akaondoka bila kuirudisha. Uwezekano mwingine ni mawasiliano. Mashine nyingi huzungumza kwa waya wa jozi wa RS-485; kila moja inahitaji namba yake ya anwani, na mbili zikipewa namba moja, kidhibiti kinaziona kama moja inayopotea na kurudi. Waya huo unatakiwa upite kutoka mashine hadi mashine kwa mstari mmoja, uwe na kikinzani cha omu 120 kwenye ncha zake mbili tu, na waya A na B zisibadilishane. Ukatikaji unaotokea pale tu pampu kubwa inapowaka huonyesha waya wa mawasiliano umelazwa sambamba na waya wa nguvu.

Mashine iliyolala ikiwa mabomba yake ni ya vuguvugu muda wote, vali ya mkondo mmoja haifungi: maji ya jengo yanapita humo kinyumenyume na kutupa joto lake uani.

Hita imewaka, kompresa zimesimama

Dalili hii ni ya mahali hita ilipofungwa. Ikiwa joto la hita linafika kwenye kihisi cha maji yanayorudi kwenye mashine, mashine zinaamini kazi imekwisha na kuzima. Mgeni aliyeitwa kusaidia amemtoa mwenyeji nyumbani. Hita ikiwa imefungwa baada ya kihisi cha pamoja, kosa ni la upande wa pili: kidhibiti hakioni kabisa joto linaloongezwa, upungufu hauishi kwenye hesabu, na hita haizimwi. Mahali sahihi ni baada ya mashine na kabla ya kihisi kinachoamua. Kihisi ni rahisi kuhamisha kuliko hita.

Kabla ya kuhamisha chochote, soma kikomo cha joto la nje ambacho chini yake kompresa huzimwa kabisa. Katika mifumo iliyorithi boila ya mafuta au gesi kama msaidizi, kikomo hicho huwekwa kwa makusudi. Penye hita ya umeme kikomo hicho hakina maana, isipokuwa kwenye baridi ambayo mashine yenyewe haiwezi kuistahimili, na nimeshakiona kimeachwa kwenye nyuzi 2 juu ya sifuri baada ya boila kuondolewa.

Kuna pia vizuizi vya mtandao wa umeme. Tangu Januari 2024, kifungu cha 14a cha sheria ya nishati ya Ujerumani kinamruhusu mwendeshaji wa mtandao kupunguza kwa muda umeme wa pampu za joto mpya, ingawa kifaa kimoja kidogo hakipunguzwi chini ya kilowati 4.2, na hita ya akiba huhesabiwa pamoja na pampu. Upungufu unaolundikana wakati wa kizuizi unaweza kuiita hita mara tu kizuizi kinapoondoka. Vidhibiti vingi vina chaguo la kusimamisha au kufuta hesabu ya upungufu baada ya kizuizi, na linafaa kuwashwa.

Hita haiwaki inapohitajika kweli

Usiku wa nyuzi 12 chini ya sifuri mashine zote zinafanya kazi kwa nguvu zote na maji hayafiki joto linalotakiwa. Angalia kama hita imezuiwa kwenye menyu, kisha kikomo cha joto la nje kinachoiruhusu. Vyote vikiwa sawa, fundi umeme apime mkondo kwa klampu mita. Hita ya kilowati 9 ya awamu tatu yenye vipande vitatu vya kilowati 3 huonyesha ampea 13 hivi katika kila waya. Waya mmoja ukionyesha sifuri, na hita ina waya wa nyutro, jengo linapata kilowati 6 badala ya 9, na fyuzi au kontakta ya awamu hiyo ndiyo ya kukaguliwa. Zote tatu zikiwa sifuri huku relei ya kidhibiti imefunga, kuna uwezekano mkubwa kuwa thamostati ya usalama imeruka, nayo hurudishwa kwa kubonyeza kitufe chake kwa mkono. Kibonyezwe mara moja tu. Ikiruka tena, maji hayapiti kwenye hita inavyostahili: chujio limeziba, hewa imenaswa, au vali imefungwa, na kitufe kisiguswe hadi mtiririko upatikane.